Rangi, gogo, udongo au skrini: uegemee wapi ukisoma sanaa za ufundi

Mwaka wa kwanza wa shahada ya sanaa za ufundi ni wa kuonja. Wiki hii penseli na makaa, wiki ijayo udongo, mwezi unaofuata patasi. Halafu inafika siku mnaulizwa kila mmoja anaegemea wapi, na hapo ndipo simu yangu huanza kuita. "Dada, nichukue uchoraji au uchongaji?" Nimeulizwa hivyo na vijana wa Kimara, Mbagala na Tabata, wengine wakiwa tayari hosteli, wengine bado wanasubiri majibu ya udahili. Safari hii naandika jibu zima.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilichagua ufinyanzi kwa sababu niliupenda tangu siku ya kwanza nilipotia mikono kwenye udongo. Hakuna aliyeniuliza vyungu vyangu nitavichomea wapi nikishahitimu, na mimi sikujiuliza. Nilipotoka chuoni nikapanga chumba kimoja Sinza, nyumba ya familia sita zinazochangia luku moja. Katika mazingira hayo humwambii mwenye nyumba habari za tanuri la umeme. Miaka miwili sikugusa udongo. Sasa hivi ninachora na kuchapa vitambaa, na kazi yangu naipenda kwa dhati, ila ile miaka miwili bado inaniuma. Kwa hiyo nitalinganisha kwa maswali mawili ambayo natamani mtu angeniuliza wakati ule. La kwanza: ukikosea, malighafi hii inakupa nafasi gani ya kurekebisha? La pili: siku utakaporudisha ufunguo wa studio ya chuo, kazi hii utaifanyia wapi hapa Dar es Salaam?

Brashi au patasi

Hawa ndio wawili wanaovutana zaidi vichwani mwa wanafunzi, kwa hiyo nitakaa nao.

Mchoraji anaongeza, mchongaji anapunguza. Maneno hayo utayasikia darasani siku ya kwanza na utayaona mepesi, mpaka siku utakapochimba milimita tano zaidi kwenye pua ya kinyago. Ulichokitoa kwenye gogo hakirudi. Fundi mzoefu pale Mwenge hahangaiki, anabadilisha wazo: pua iliyovunjika anaigeuza mdomo, uso unasogea nyuma, kazi inaendelea. Mwanafunzi hulia. Niliyemwona akilia alikuwa na kazi ya wiki tatu mkononi na tarehe ya tathmini ilikuwa keshokutwa.

Uchoraji una huruma zaidi, lakini huruma yenyewe inategemea rangi. Rangi za mafuta za wasanii, zile za tyubu, hazikauki kwa maji kuruka. Mafuta ya kitani yaliyomo hukamata oksijeni ya hewani na kuganda polepole. Safu nyembamba inaweza kuchukua siku kadhaa kabla hujaigusa bila kuchafuka, na nene huchukua wiki na zaidi. Ukikosea leo, kesho bado unaweza kukwangua kwa kisu au kufuta kwa kitambaa. Akriliki ni kinyume chake: ni rangi ya maji, na kwa joto la Januari hapa Dar, feni ikizunguka juu, inakukaukia kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi, kabla hujaamua pa kuiweka. Kosa la akriliki hulifuti, unalifunika. Ukiwa mtu wa kuamua haraka utaipenda. Ukiwa mtu wa kurudia shavu moja mara kumi na mbili, jibane ununue za mafuta, hata kama ni tyubu tano tu.

Kuna rangi ya tatu ambayo mji huu unaijua kuliko vyuo: ile inayong'aa, ya dukani, ya kupakia baiskeli na milango. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora kwa rangi hiyo juu ya hadibodi mwaka 1968. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi, na nyuma yake likabaki jina linalojulikana duniani na mafundi ambao mpaka leo wanachorea Oysterbay. Nasema hivi kwa sababu karibu kila mwaka nakutana na kijana anayetaka kusoma shahada "ili ajue Tingatinga". Mdogo wangu, mtindo ule haufundishwi kwa mihadhara. Unajifunza kwa kukaa kwenye kigoda karibu na fundi, ukipaka mandharinyuma mpaka akuamini umalizie mwewe. Nenda Oysterbay, uliza kwa adabu, anza.

Shahada ya uchoraji inakupa kitu kingine: kuchora mwili wa mtu aliyekaa mbele yako kwa saa tatu, historia ya sanaa za watu wengine, na kusimama mbele ya darasa ukaeleza kwa nini mbingu yako ni ya kijani. Mfano wangu siku zote ni Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha shule ya sanaa ya Slade huko London. Baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mtu aliyepita shule hizo zote angeweza kurudi akichora kama Wazungu. Yeye aliendelea na migomba, njia za vijijini na watu wanaofanya kazi pamoja, kwa maumbo mepesi ambayo asiyejua atadhani ni ya mtu asiyesoma. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko katika hazina ya makumbusho ya MoMA, New York. Shule nzuri haikunyang'anyi migomba yako. Ukiona inakunyang'anya, hapo ndipo pa kuanza kupambana.

Turudi kwenye gogo. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Kiini chake cheusi kimezungukwa na ganda la rangi ya maziwa, na mti wenyewe huchukua makumi ya miaka kufikia unene wa kuvunwa. Kuna kitu cha heshima katika kuushika, nami sijui namna nyingine ya kukieleza. Lakini usianze nao. Jizoeze kwa mwembe au mfenesi uliokatwa mtaani, ambao mara nyingi mwenye kiwanja anafurahi ukimwondolea. Ukifika wakati wa mpingo, nunua kwa muuzaji mwenye kibali na udai risiti, maana mazao ya misitu husafirishwa kwa hati, na hutaki kushushwa na gogo lako njiani.

Nenda kwa wachongaji wa Kimakonde kabla hujachagua. Waangalie wanavyoshika tezo, na uwaulize tofauti ya mitindo yao. Kuna ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, ukoo juu ya ukoo, unaohusishwa na Roberto Jacobo. Kuna shetani, ambao Samaki Likankoa ndiye hutajwa kuwa mwanzilishi wake. Kuna mawingu, ambao umbo la mtu linakaribia kupotea kabisa. Hakuna maktaba itakayokueleza kwa nini shetani ana jicho moja vizuri kama mzee aliyemchonga mwenyewe.

Chuoni, hata hivyo, uchongaji si gogo peke yake, na hili wengi hawalijui wanapoogopa kosa lisilorudi. Utaunda kwa udongo kisha utamwaga plasta au saruji kwenye kalibu. Utachomelea vyuma chakavu. Huko kuna kuongeza na kupunguza, na kosa linazibika. Kama unapenda vitu vya kuzungukwa na kushikwa lakini patasi inakutisha, njia yako ipo hapo.

Sasa swali la pili. Mchoraji akirudisha ufunguo wa studio anaweza kuendelea geto usiku uleule: ukuta, msumari, taa. Maangalizo matatu tu. Mvuke wa tapentaini na usingizi havikai chumba kimoja, fungua madirisha au tumia akriliki. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye kona, kwa kuwa vinazalisha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke. Wakati wa masika turubai zisigusane na ukuta, zitaota kuvu. Mchongaji yeye anahitaji uwanja, majirani wavumilivu wa kelele, na barakoa, kwa sababu vumbi la mpingo linakera macho, ngozi na kifua. Wahitimu wa uchongaji ninaowaona wakiendelea ni wale waliojenga urafiki na mafundi wakiwa bado wanafunzi, wakapata kona ya kuwekea mkeka. Jenga urafiki huo mwaka wa pili. Mwaka wa tatu utakuwa umechelewa.

Udongo, na moto wake

Hapa nitasema kwa upendo na kwa uchungu kidogo.

Malighafi yenyewe ni ya bei ndogo kuliko zote. Milima ya Pugu, hapo tu ukipita Gongo la Mboto, ina hazina kubwa ya udongo mweupe wa kaolini. Udongo mwekundu wa kufinyangia unapatikana mabondeni. Kosa la udongo mbichi halina uzito wowote: unafinyanga upya, au unautupa ndooni ulowe uanze tena kesho. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, walikuwa wanaeleza somo zima la muhula wa kwanza. Ukishakauka haufinyangiki tena mpaka uuloweke upya, na ukishachomwa ndiyo basi.

Gharama iko kwenye moto. Choma ya kwanza kwenye tanuri hufika nyuzi joto 1,000 hivi, na vyombo vigumu vya gilezi, ile ngozi ya kioo inayong'aa, huhitaji 1,200 na zaidi. Hiyo ni gesi nyingi au umeme mwingi. Na kazi ikiingia motoni kabla haijakauka mpaka ndani, maji yaliyobaki yanageuka mvuke na kuipasua, mara nyingine pamoja na ya jirani. Masika ya Dar yanafanya ukaukaji huo uwe wa wiki, si siku. Nimepoteza jumla ya kazi saba kwa kukimbilia tarehe.

Kilichonichukua muda mrefu kuelewa ni hiki: nilidhani ufinyanzi ni gilezi na tanuri kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, wakati nchi hii imefinyanga karne nyingi bila hivyo viwili. Akina mama wa Upare huchoma vyungu kwa kuni na majani uwanjani. Joto lake ni dogo, chungu kinabaki na vitundu visivyoonekana, na ndiyo sababu maji ya mtungi ni baridi: yanapenya kidogo, yanaruka kwa upepo, yanapoza yaliyobaki ndani.

Halafu nikasoma habari za Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusoma grafiki. Akahamia udongo. Mwaka 1974 akaenda kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wanawake wa Kigwari kuinua chungu kwa mkono, na miongoni mwa wafinyanzi wa kituo hicho alikuwamo Ladi Kwali, mfinyanzi mashuhuri wa Nigeria. Vyombo vyake vinavyogombewa na makumbusho leo havikufinyangwa kwa gurudumu wala havina gilezi. Vimepandishwa kwa mikono, vikasuguliwa mpaka ving'ae, na weusi wake ni wa moto ulionyimwa hewa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Ile miaka miwili ningeweza kuchoma kwenye shimo, kwa shangazi yangu Kisarawe.

Kwa hiyo kama udongo ndio unaokuita, usiukimbie kwa sababu ya hadithi yangu. Uchague, lakini hakikisha chuoni unajifunza mioto yote miwili, wa tanuri na wa shimo. Mhadhiri asipofundisha wa shimo, mwombe likizo uende kwa anayeujua.

Skrini

Uchapaji kwa skrini ya wavu, ule wa kuhamishia picha kwenye fulana na vitambaa, ndio chaguo ambalo wengi hulipita bila kuliangalia, nami nadhani kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye kipato kidogo linastahili kuangaliwa kwanza.

Unawamba kitambaa chembamba cha wavu kwenye fremu ya mbao, unapaka dawa inayogandishwa na mwanga, unaweka juu yake mchoro wako mweusi kwenye karatasi angavu, unapeleka juani. Palipopata mwanga panaganda, palipofunikwa na weusi panaoshwa na maji, na hapo ndipo wino utakapopita. Jua letu la saa sita ni taa ya bure, ila usilipe nafasi ya kupitiliza: hesabu dakika kwa majaribio, uandike daftarini. Fremu, mpira wa kusukumia wino na meza, vyote vinalala chini ya kitanda. Hakuna kelele na hakuna moto.

Kosa lake ni la aina ya peke yake. Brashi ikiteleza umeharibu mchoro mmoja. Neno likikosewa kwenye skrini umeharibu fulana hamsini. Anayefaa hapa ni mtu wa kukagua mara tatu.

Tena kuna urithi wa karibu. Kanga ni karatasi ya wachapaji wa pwani: pindo, mji, na jina lililoandikwa chini. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianzishwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vizazi vya wabunifu wa vitambaa vilipita kwenye viwanda vya namna ile. Mwanafunzi wa uchapaji anayeupuuza mji wa kanga akakimbilia vitabu vya nje ananisikitisha. Mpangilio ule, namna pindo linavyoushika mji usitawanyike, ni somo la utunzi ambalo bibi yako anajifunga kila asubuhi.

Kuchonga mbao au lino, ile malighafi laini ya kufunikia sakafu, kwa ajili ya kuchapa nako kumo humu, na kunamfaa anayependa patasi lakini hana uwanja. Kuchora kwa asidi kwenye bamba la metali kunahitaji mashine ya kugandamiza, kwa hiyo lile swali la ufunguo linarudi palepale.

Kuhusu grafiki

Ni kazi halali na ndiyo inayoajiri haraka: matangazo, vifungashio, mitandao. Kosa linafutwa kwa kubofya. Ila ukitaka grafiki peke yake, soma shahada ya ubunifu wa grafiki. Usikae miaka mitatu kwenye studio ya rangi ukiiona kama mzigo. Aliyeegemea uchapaji au uchoraji anaweza kujiongezea kompyuta baadaye, na mkono uliozoea penseli utamsaidia sana.

Fedha, na maneno ya nyumbani

Kwa gharama za vifaa muhula hadi muhula, kwa nilivyoona, rangi za mafuta ndizo zinazokausha mfuko kwanza, kwa kuwa zinaisha na kununuliwa tena. Mchongaji hununua zana mara moja na kuzinoa. Mchapaji yuko katikati. Mfinyanzi halipi sana mpaka anapohitimu, ndipo bili inamfuata. Kama unaomba mkopo, ulizia Bodi ya Mikopo kipengele cha mahitaji maalumu ya kitivo, uone kozi yako imo au haimo, kabla bumu halijaingia na kuishia kwenye chakula. Turubai si lazima iwe ya dukani. Marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba cha Kariakoo, ukikiwamba vizuri na kukipaka rangi nyeupe ya maji safu mbili, kinabeba mazoezi ya mwaka mzima.

Wazazi watauliza kama shahada inahitajika kabisa, nalo ni swali la haki. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa tangu 1981, na pale stashahada inakuingiza kazini mapema. Mikocheni kuna Nafasi Art Space, tangu 2008, penye studio za wasanii, maonyesho na mafunzo. Karakana za Mwenge na Oysterbay hazidai cheti cha kidato cha sita. Shahada nampendekezea anayetaka kufundisha, kuandika au kutafiti, au anayejua kwamba asipobanwa na tarehe na maswali ya wenzake hatasonga. Mimi nilikuwa huyo wa mwisho. Sijutii shahada yangu hata siku moja. Ninachojutia ni kwamba sikuuliza.

Ningekuwa mbele yako

Kijana mwenye haraka ya mkono, anayeishi chumba cha kupanga, ningemwambia akriliki na skrini, vyote viwili kama chuo kinaruhusu. Mwenye subira ya kupindukia na uwanja nyumbani kwao, Kigamboni au Chanika, gogo. Mtu asiyevumilia kupoteza kazi, asikaribie tanuri mpaka ajifunze kuachia. Na anayependa kila kitu sawasawa achague kile alichofanya bila kuagizwa siku ya Jumamosi ambayo hakukuwa na asaimenti.

Kabla ya kusaini, nenda kwa msimamizi wa kila studio. Simaanishi mhadhiri, namaanisha yule anayeshika funguo na kujua kilichoharibika. Muulize mashine zipi zinafanya kazi leo, na wanafunzi wangapi wanagawana. Muulize studio inafungwa saa ngapi, maana kama ni saa kumi na mbili jioni na vipindi vyako vinaisha saa kumi na moja, una saa moja tu. Na ukifika kwenye studio ya ufinyanzi, muulize kama mhitimu anaruhusiwa kurudi na vyungu vyake kuvichoma, kwa malipo ya gesi, mara mbili kwa mwaka.